Maktaba bila mtu aliyesomea kazi yake hugeuka depo

Katika shule na parokia nyingi za mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kuna chumba ambacho kila mtu anakijua lakini wachache wamewahi kuingia ndani. Ufunguo wake unakaa kwa prefe wa shule au kwa padri. Ndani yake kuna katoni za vitabu zilizotumwa na wafadhili kutoka Ubelgiji, Ufaransa au Italia. Siku vilipofika, wakubwa walitoa hotuba na picha zikapigwa. Kisha mlango ukafungwa. Baada ya misimu miwili ya mvua, mchwa wanaanza kula katoni za chini, huku mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, anayejiandaa kwa mtihani wa serikali, akiendelea kusubiri zamu yake ya kuazima kitabu kimoja cha fizikia ambacho darasa zima linakizungusha.

Ukimuuliza mkuu wa shule kwa nini chumba hakifunguliwi, jibu huwa lile lile: hakuna mtu wa kukitunza. Na pale mtu anapopatikana, mara nyingi ni mwalimu aliyezeeka, au mfanyakazi ambaye hawakujua wampe kazi gani nyingine. Anapewa ufunguo na kiti. Hakuna anayemfundisha lolote, kwa sababu wengi wanaamini kwamba kutunza maktaba ni kukaa na kuzuia vitabu visiibwe.

Lakini kazi hiyo ina shule zake, diploma zake na ufundi wake. Kwa Kiswahili sanifu mwenye kazi hiyo anaitwa mkutubi. Wengi mashariki mwa Congo wanamjua zaidi kwa jina la Kifaransa, bibliothécaire. Pale alipofunzwa vizuri, jamii nzima hufaidika, hata wale wasiosoma kitabu kila siku.

Kazi inayoanza kabla ya msomaji kufika

Kitabu kikiingia katika maktaba inayotunzwa vizuri, hakiendi moja kwa moja kwenye rafu. Kwanza kinaandikwa katika rejesta na kupewa namba yake, ili siku kikipotea ijulikane ni kipi kilichopotea. Kinapigwa muhuri. Kisha mkutubi anakifungua, anasoma kurasa za mwanzo na orodha ya sura, anajiuliza: kitabu hiki kinazungumzia nini hasa, na nani atakihitaji?

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Maktaba nyingi duniani hutumia mpangilio uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Mpangilio huo unagawa elimu yote katika mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Vitabu vya udaktari viko kwenye 610, na vile vya magonjwa vinakutana kwenye 616. Kilimo kiko kwenye 630. Historia ya Afrika inaanzia 960, na ya Congo ya Kinshasa ina namba yake: 967.51. Namba hiyo inaandikwa kwenye karatasi ndogo na kubandikwa mgongoni mwa kitabu. Mwisho, kitabu kinaandikiwa kadi, au kinaingizwa katika kompyuta, kwa jina la mwandishi, kwa kichwa na kwa somo.

Mtu asiyejua kazi hii hupanga vitabu kwa ukubwa au kwa rangi, ili rafu ipendeze. Matokeo yake, kitabu cha magonjwa ya muhogo kinakaa kando ya riwaya, na mkulima aliyetembea kilomita kumi kukitafuta anaambiwa hakipo. Kwa msomaji, kitabu kisichoweza kupatikana hakina tofauti na kitabu kisichokuwepo.

Kuna pia vita dhidi ya maji na wadudu. Mkutubi aliyefunzwa anajua kwamba rafu haisogezwi hadi kugusa ukuta, maana ukuta hupitisha unyevunyevu. Anajua kwamba kitabu hakiwekwi sakafuni, kwamba dirisha lifunguliwe siku ya jua ili hewa izunguke, lakini jua lenyewe lisipige karatasi. Anajua kwamba ukurasa uliochanika haubandikwi kwa skochi, kwa sababu baada ya miaka michache gundi yake hugeuka rangi na kuharibu maandishi. Katika miji yenye mvua nyingi kama Bukavu, mambo haya madogo ndiyo yanayoamua kama kitabu kitaishi miaka mitatu au thelathini.

Swali lililo nyuma ya swali

Sehemu ngumu zaidi ya kazi haihusu vitabu. Inahusu watu. Msomaji anapoingia, mara nyingi hasemi anachokitafuta kweli. Anasema, "Ninataka kitabu cha sheria." Mtu asiyefunzwa atamwonyesha rafu. Aliyefunzwa atamuuliza kwa upole maswali mawili matatu: ni kwa masomo, au kuna jambo nyumbani? Ni la shamba, la ndoa, la kazi?

Chukua mfano wa mama mfanyabiashara anayetaka kusaini mkataba wa mkopo. Jamaa wa mume wake wanamwambia kwamba bila ruhusa ya mume, saini yake haina nguvu. Anakuja maktaba kutafuta ukweli. Kwenye rafu kuna Sheria ya Familia ya mwaka 1987, na ndani yake, kweli, mke alitakiwa kupata ruhusa ya mume wake kabla ya kujifunga katika mambo mengi ya kisheria. Mama akisoma kitabu hicho peke yake, atarudi nyumbani akiamini kwamba jamaa wana haki.

Lakini sheria hiyo ilirekebishwa mwezi wa saba 2016. Ruhusa ya mume iliondolewa. Kinachotakiwa sasa ni wana ndoa kupatana, na kila mmoja wao anafungwa na sharti hilo. Mkutubi anayejua kazi yake amekwisha kubandika alama kwenye kitabu cha 1987 kuonya kwamba kimepitwa, na ameweka kando yake maandishi ya 2016. Hajifanyi wakili. Anamwonyesha mama kurasa zenyewe, anamwachia azisome au anamsomea, kisha anamwelekeza mahali ambapo anaweza kupata msaada wa mwanasheria.

Hiyo ndiyo sababu maktaba nzuri pia hutupa vitabu, jambo linalowashangaza wengi. Kitabu cha zamani cha tiba, chenye dawa ambazo vijidudu vya malaria vimekwisha kuzizoea, kinaweza kuua kuliko kukosa kitabu. Kuchagua kipi kibaki, kipi kiwekwe kwenye kumbukumbu kwa ajili ya wanahistoria, na kipi kiondolewe kabisa, ni kazi inayohitaji elimu na ujasiri.

Na kuna siri. Kijana anayekuja kusoma kuhusu UKIMWI, au binti anayetaka kujua kuhusu uzazi, anahitaji hakika kwamba mtu aliyempa kitabu hatakwenda kumtaja sokoni. Wakutubi hufundishwa kwamba anachosoma mtu ni mambo yake. Katika eneo ambalo jina la mtu likitajwa vibaya linaweza kumletea taabu, sharti hilo lina uzito kama lile la daktari au la padri wa maungamo.

Wanasomea wapi?

Kufundisha kazi hii darasani si jambo jipya. Dewey mwenyewe alifungua shule ya wakutubi huko New York mwaka 1887. Barani Asia, mtu aliyebadilisha kazi hii alikuwa mwalimu wa hesabu: S. R. Ranganathan aliteuliwa kusimamia maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras, nchini India, mwaka 1924, akaenda London kujifunza, na mwaka 1931 akachapisha kanuni tano ambazo wakutubi wa dunia nzima bado wanazisoma. Kwa maneno mepesi, alisema kwamba vitabu vipo ili vitumiwe, na kwamba muda wa msomaji ni mali isiyopaswa kupotezwa. Maktaba inayofungwa kwa ufunguo mwaka mzima inavunja kanuni zote mbili.

Barani Afrika, nyingi kati ya shule hizi zilizaliwa pamoja na uhuru. Mwaka 1963 ilianzishwa Makerere, nchini Uganda, shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki, ambayo ilipokea wanafunzi wa Uganda, Kenya na Tanzania. Tanzania ina chuo chake cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka mjini Bagamoyo, na Kenya ilianza kufundisha elimu ya habari katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, miaka ya 1980. Kwa nchi zinazotumia Kifaransa, jina kubwa ni EBAD ya Dakar, shule ya wakutubi, watunza nyaraka na wataalamu wa hati, iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop. Ilianza miaka ya 1960, na imewafunza watu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Congo haikukosa misingi. Vyuo vikuu vya Lovanium na Élisabethville vilianzishwa miaka ya 1950 vikiwa na maktaba zao, na tangu 1974 kuna sheria inayotaka vitabu vinavyochapishwa nchini vipelekwe nakala kwa taifa ili vihifadhiwe. Kilichobaki nyuma ni watu. Wengi wanaotunza maktaba za shule, za parokia na hata za vyuo vya juu wamejifunza kazi wakiwa kazini, kwa kumwangalia aliyetangulia. Wapo kati yao walio hodari sana. Lakini anapostaafu au anapokimbia vita, ujuzi wake unaondoka naye, maana haukuandikwa popote.

Ngamia wa Garissa

Watu wengine hudhani kwamba mafunzo ya ukutubi ni mambo ya majengo makubwa yenye umeme na kompyuta. Kaskazini mashariki mwa Kenya kunaonyesha vingine. Huko Garissa, ardhi ni kavu, barabara ni chache na wafugaji huhama na mifugo yao kutafuta maji. Maktaba ya kawaida ingewasubiri bila kuwaona. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa la Kenya lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia.

Mpango wenyewe ni rahisi. Ngamia mmoja anabeba masanduku mawili ya vitabu, mwingine anabeba hema, mikeka na meza. Wanaongozana na mchungaji wa ngamia na wafanyakazi wa maktaba. Wakifika kwenye kambi au kwenye shule ya msingi iliyo mbali, hema linasimamishwa, mikeka inatandikwa chini ya mti, vitabu vinapangwa. Watoto wanachagua. Kila kitabu kinachoazimwa kinaandikwa, na msafara unarudi baada ya siku kadhaa kukichukua na kuleta kingine.

Siri ya mafanikio hayo ni hesabu ya mkutubi. Ngamia hawezi kubeba kila kitu. Mtu lazima ajue ni masomo gani yanafundishwa katika shule ile, ni lugha gani watoto wanaelewa, ni vitabu gani vitasomwa hadi kurasa kuchakaa na vipi vitarudi bila kuguswa. Lazima pia akumbuke nani ameazima nini katika watu wanaohama. Kuchagua vitabu mia chache vinavyofaa ni kazi ngumu kuliko kupokea katoni elfu za vile visivyofaa.

Nchini Uganda, kijiji cha Kitengesa, karibu na Masaka, kilianza mwaka 1999 na sanduku moja la vitabu katika shule ya sekondari. Sanduku hilo likawa maktaba ya jamii, yenye jengo lake na taa za nguvu ya jua, ambapo hata watu wazima wasiokuwa wanafunzi wanakuja kusoma. Hapakuwa na utajiri. Palikuwa na watu waliokubali kujifunza kazi na kuifanya kila siku.

Usiku wa Timbuktu

Thamani ya mkutubi huonekana zaidi siku mambo yanapoharibika. Mfano unaojulikana duniani kote unatoka Timbuktu, kaskazini mwa Mali.

Mji huo una maandiko ya mkono ya karne nyingi: Kurani, vitabu vya sheria, vya nyota, vya tiba, barua za wafanyabiashara. Mengi yalikuwa yamefichwa na familia ndani ya masanduku na hata chini ya mchanga. Mwaka 1973 serikali ya Mali ilianzisha kituo cha Ahmed Baba ili kuyakusanya. Mwaka 1984 kituo hicho kilimwajiri kijana mmoja wa mji huo, Abdel Kader Haidara, ambaye baba yake alikuwa msomi na mwenye maktaba. Kwa miaka mingi alizunguka vijiji vya kando ya mto Niger, kwa mtumbwi na kwa ngamia, akikaa na wazee, akiwaeleza kwa nini karatasi zao zina thamani na kwa nini zinahitaji kutunzwa. Baadaye alifungua maktaba ya familia yake kwa watu wote.

Mwezi wa nne 2012, makundi yenye silaha yaliuteka mji. Katikati ya mwaka, wapiganaji wa kiislamu wenye msimamo mkali walianza kubomoa makaburi ya watakatifu. Haidara na wenzake walielewa kwamba zamu ya maandiko inaweza kufuata. Walinunua masanduku ya bati, mengi kadiri walivyoweza. Usiku, kwa mwanga wa tochi, waliyapakia maandiko, wakayasafirisha kwa mikokoteni ya punda hadi nyumba za watu waliowaamini. Kisha, polepole, masanduku yakaanza safari ya kwenda Bamako: kwa magari, na vita vilipozidi mwezi wa kwanza 2013, kwa mitumbwi juu ya mto. Inakadiriwa kwamba maandiko zaidi ya 300,000 yaliokolewa namna hiyo. Wapiganaji walipokuwa wanakimbia mji, walichoma zaidi ya 4,000 yaliyokuwa yamebaki katika jengo jipya la kituo.

Safari haikuishia hapo. Hewa ya Bamako ina unyevunyevu kuliko ile ya jangwani, na karatasi za zamani huumia. Kwa miaka mingi mafundi waliyasafisha, wakayatengenezea maboksi yasiyo na asidi, wakayapiga picha moja moja. Mwezi wa nane 2025, serikali ya Mali ilianza kuyarudisha Timbuktu.

Simulizi hilo husimuliwa kama la ujasiri, na ni kweli. Lakini ujasiri peke yake usingetosha. Familia zilikubali kufungua milango usiku kwa sababu zilikuwa zimemjua mtu huyo kwa miaka mingi. Na waliopakia masanduku walijua wanachokishika: namna ya kukiweka karatasi isivunjike, na mahali pa kukipeleka.

Kwa wakaaji wa Goma na Bukavu, mambo hayo hayako mbali. Mwezi wa kwanza 2002, moto wa volkano Nyiragongo ulipita katikati ya Goma na kufukia nyumba, maofisi na kila karatasi iliyokuwa ndani. Mwezi wa kwanza na wa pili 2025, vita viliingia Goma kisha Bukavu. Kila mara watu hukimbia na watoto, godoro na sufuria. Diploma, hati za viwanja na vyeti vya kuzaliwa hubaki. Shule ambayo ina orodha ya vitabu vyake na nakala za rejesta za wanafunzi, zilizowekwa mahali pengine mbali na jengo lenyewe, inaweza kuanza upya. Isiyokuwa nayo inaanza na maneno ya watu tu.

Mlango ulioachwa wazi

Wakati mwingine, ujasiri wa mkutubi ni kutofunga mlango. Mwezi wa nane 2014, katika mji mdogo wa Ferguson, nchini Marekani, polisi walimuua kwa risasi kijana mweusi, Michael Brown. Mji ukawaka: maandamano, moshi wa machozi, maduka yaliyochomwa. Shule ziliahirisha kufunguliwa. Maktaba ya mji ilikuwa na mkutubi mmoja tu wa muda wote, Scott Bonner, aliyeanza kazi mwezi mmoja tu kabla. Aliiacha wazi. Walimu wa kujitolea walikuja kufundisha watoto kati ya rafu, na wazazi waliokuwa wanahitaji kwenda kazini walipata mahali salama pa kuwaacha. Mwaka uliofuata, maktaba hiyo ndogo ilichaguliwa kuwa maktaba bora ya mwaka nchini Marekani.

Nyakati za fujo, kitu cha kwanza kupotea ni habari ya kweli. Kivu ya Kaskazini na Ituri wanalijua hilo kwa machungu. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, hadi ilipotangazwa kwisha mwezi wa sita 2020, iliua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Pamoja na ugonjwa, uvumi ulitembea: kwamba Ebola haipo, kwamba ni biashara, kwamba chanjo ndiyo inayoua. Vituo vya matibabu vilishambuliwa na wauguzi wakauawa. Wengi walikuwa hawaamini serikali wala wageni waliokuja na magari makubwa, na sababu za kutoamini zilikuwepo tangu zamani.

Mkutubi hawezi kutibu Ebola. Lakini ufundi wake ni ule ule ambao watu walikuwa wanauhitaji: kuuliza nani amesema, lini, amejuaje, na nani mwingine anathibitisha. Anaweza kumfundisha mwanafunzi kutofautisha tangazo la daktari na sauti iliyotumwa kwa WhatsApp bila jina. Anaweza kubandika habari za kweli mlangoni, kwa lugha ambayo watu wanaisema. Na faida yake kubwa ni kwamba yeye si mgeni. Anaishi kwenye mtaa ule ule, watoto wake wanasoma shule ile ile.

Madaftari ya Yangambi

Mfano wa mwisho unatoka ndani ya Congo. Huko Yangambi, kando ya mto Congo katika jimbo la Tshopo, Wabelgiji walianzisha kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo mwaka 1933. Kati ya 1937 na 1958, wafanyakazi wa kituo hicho walipita msituni mara kwa mara wakiandika kwenye madaftari: mti huu umetoa maua, ule umeangusha majani, huu una matunda. Kila mti ulikuwa na namba yake, kila alama ilikuwa na tarehe yake.

Uhuru ulikuja, vita vikaja, fedha zikaisha. Madaftari yakabaki. Zaidi ya nusu karne baadaye, watafiti waliyapiga picha, na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakasaidia kunakili alama hizo kwa njia ya intaneti. Kazi iliyofanywa kwa kalamu na watu ambao wengi wao majina yao hayajulikani leo inawasaidia wanasayansi kuelewa msitu wa Congo ulikuwaje kabla ya hali ya hewa kubadilika.

Madaftari hayo yasingefaa kitu kama alama zisingekuwa na tarehe, kama namba za miti zingechanganywa, au kama mtu mmoja angeyatumia kuwashia moto. Ufundi wa kuandika, kupanga na kutunza ndio ulioyaokoa.

Pa kuanzia

Shule au parokia yenye chumba kilichofungwa haihitaji kungoja mfadhili mwingine alete katoni nyingine. Kuna mambo yanayoweza kuanza kwa fedha kidogo. La kwanza ni kumchagua mtu, kijana au mtu mzima, anayependa watu na anayeandika kwa utaratibu, na kumlipa hata kama ni kidogo, ili kazi isiwe adhabu. La pili ni rejesta: daftari moja, kalamu, na kila kitabu kupewa namba. La tatu ni kuinua vitabu kutoka sakafuni na kuvisogeza mbali na ukuta. La nne ni kumtuma mtu huyo kwa wiki chache akae na mkutubi wa chuo kikuu kilicho karibu, ajifunze kwa macho na kwa mikono kabla ya kufikiria Dakar au Makerere.

Wafadhili nao wana la kubadilisha. Gharama ya kusafirisha kontena la vitabu kutoka Ulaya hadi Bukavu ni kubwa, na mara nyingi sehemu ya vilivyomo ni riwaya za zamani na vitabu vya shule vya programu isiyofundishwa Congo. Sehemu ya fedha hizo ikitengwa kwa masomo ya mtu mmoja, na nyingine kununua vitabu ambavyo mtu huyo mwenyewe amevichagua, chumba kitakuwa na mwenyewe.

Serikali, kwa upande wake, inaweza kuanza na jambo moja: kuiweka kazi ya mkutubi kwenye orodha ya wafanyakazi wa shule za sekondari inaowalipa, kama ilivyo kwa mkuu wa masomo na mwenye nidhamu. Bila mshahara, hata aliyefunzwa vizuri ataondoka kwenda kutafuta maisha.

Na kuna jambo lisilogharimu hata faranga moja. Ni karatasi mlangoni yenye siku na saa za kufungua, na mtu anayefika kweli saa hiyo. Mwanafunzi akikuta mlango umefungwa mara mbili, hatarudi mara ya tatu.